Hatua Alizozificha Mama Hodi

Mama Hodi aliamka na hasira kama watu wengine wanavyoamka na njaa. Hakuhitaji kuitafuta sababu. Sababu zilikuja zenyewe langoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, moja baada ya nyingine, zimebebwa mgongoni. Kulikuwa na mama aliyeleta nepi mbili za siku nzima, "jana nimesahau kununua, Mama Hodi, kesho nitaleta," na hiyo kesho ilikuwa haifiki wiki ikaisha. Kulikuwa na baba fundi wa kuchomelea aliyeleta chupa ya maziwa yenye ukoko wa jana. Kulikuwa na mwingine aliyekabidhi mtoto huku simu iko sikioni, hata kwaheri hampi, utadhani anaacha furushi stoo. Na wote hao, wakiulizwa na jamaa zao mtoto anashinda wapi, walikuwa na jibu moja: "Yuko kwa mama mmoja pale, anakaa tu na watoto."

Anakaa tu! Wangejua. Mtu anayesema hivyo hajawahi kubadilisha nepi tatu kwa mpigo huku mtoto wa miaka minne akimvuta sketi kumwuliza kama mende ana mama. Hajawahi kuchemsha chupa tisa, kusuuza poti nne na kumbembeleza mtoto anayeota meno, yote kabla hata chai yake haijapoa, halafu akaja kuinywa saa sita mchana, baridi, ina sisimizi.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, mwisho wa kichochoro, na lango la bati. Kwenye lango hilo alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: USIPIGE HODI. WATOTO WAMELALA. SUKUMA TARATIBU. Ndiyo maana mtaa ukamwita Mama Hodi, maana alikuwa mwanamke pekee aliyepata kumkataza mtu kupiga hodi. Makochi ya sebuleni aliyauza siku nyingi. Mahali pake palikuwa na mikeka ya plastiki, magodoro madogo yaliyopangwa ukutani, na katikati kizuizi alichokibuni mwenyewe: milango miwili ya kabati kuukuu, imelazwa ubavu na kutiwa bawaba. Upande wa dirishani walikaa wachanga watano. Upande wa mlangoni walikaa wakubwa saba, wa kuanzia miaka mitatu hadi mitano, ambao Mama Hodi aliwaita "wazee" na wao wakaupokea uzee huo kwa maringo.

Kila siku saa tatu na nusu asubuhi kizuizi kilifunguliwa, na kwa saa nzima wachanga na wazee walichanganyika. Wenye vituo vingine walimwona hana akili. Wao waliwafungia wachanga kutwa nzima, kila mmoja na kitanda chake, wakikodolea dari. Mama Hodi alikuwa na imani yake: mtoto hafundishwi kutambaa na mtu mzima, anafundishwa na mtoto mwenzake aliyeshika kitu anachokitaka. Sheria za saa hiyo zilikuwa chache na kali. Wazee wavue viatu. Hakuna kukimbia. Hakuna kumbeba mchanga hata akikulilia. Na ukimwangusha mtu, unampa ulichoshika.

Binti yake, mwanamke wa miaka ishirini na saba, alimsaidia kazi. Huyu binti alikuwa mpole, alicheka kwa urahisi, na alisema mawazo yake polepole, tabia ambayo mama yake alidai ameitoa kwa baba yake na si kwake. Binti huyo ndiye chanzo cha desturi iliyokuja kumtia Mama Hodi matatani, kwa hiyo tuanzie kwake.

Alipokuwa na mwaka mmoja, mama yake alikuwa akishona kola za sare kiwandani, kutwa nzima kola, na mtoto alishinda kwa jirani. Jioni moja alifika pale kumchukua, miguu imevimba kwa cherehani, jirani akampokea kwa vicheko mlangoni. "Umekosa uhondo leo! Mtoto katembea tangu saa tano, mtaa mzima umekuja kumwona!" Mtaa mzima. Muuza mkaa alimwona. Wasichana wa shule waliokuwa wakipita walimwona. Aliyemzaa tu ndiye hakumwona, alikuwa anashona kola. Alimshukuru jirani, akambeba mtoto, na hasira aliyoondoka nayo siku ile haikumtoka tena. Alipofungua kituo chake mwenyewe, miaka kumi na mmoja iliyopita, aliapa kwamba hakuna mama atakayesimama langoni pake akaambiwa maneno kama yale.

Kwa hiyo kwa Mama Hodi hakuna mtoto aliyewahi kutembea mara ya kwanza. Mchanga akiinuka saa ya mchanganyiko na kupiga hatua zake za ulevi, Mama Hodi aliweka kidole mdomoni, na wazee saba wakajibu kwa kunong'ona, macho yamewatoka kwa raha: "Hatujaona!" Jioni alimtegea mzazi. "Mwangalie sana miguu huyu. Siku ukipumzika, kaa naye sakafuni." Mzazi akakaa sakafuni, mtoto akatembea, na siku ya pili yake mzazi akaja meno nje.

"Mama Hodi! Huwezi kuamini!"

"Nini?"

"Katembea!"

"Acha!" Mama Hodi alipiga makofi, akashika kiuno, akataka aelezwe ilikuwaje, hatua ngapi, alianguka au hakuanguka. Binti yake jikoni alijikohoza ndani ya sufuria ili asicheke. Baadaye alimwambia, "Mama, wewe ni wa kuigiza kwenye televisheni." Mama Hodi akajifanya amekasirika. Kumbe alikuwa anaona raha hadi kwenye kisogo.

Ndipo akaja Bosi.

Bosi alikuwa mtoto wa kiume mnene, mwenye shingo fupi, aliyepata jina lake kwa sababu alikaa kwenye godoro na kunyooshea kidole vitu, na vitu vikaletwa. Aliyemletea zaidi alikuwa mzee mmoja wa kike wa miaka minne na nusu aitwaye Redio. Redio hakuwa na kitufe cha kuzimia. Ndiye aliyetangaza, saa moja asubuhi, mbele ya wazazi watano, kwamba nyumbani kwao baba analala kwenye kochi. Kutunza siri ya hatua kulimtesa kuliko homa, lakini aliitunza, maana Mama Hodi alimwambia ni kazi ya wazee.

Jumanne moja, Bosi akiwa na miezi kumi na minne na nusu, Redio alipita na kikombe chekundu cha plastiki. Bosi alinyoosha kidole. Redio, kwa ukaidi tu, hakuleta. Bosi aliguna, akaushika mlango wa kabati, akasimama, akauachia. Hatua tatu, akakaa kitako. Akainuka tena. Hatua saba, akakishika kikombe.

"Hatujaona!" wazee walinong'ona.

Mama yake alikuwa keshia kwenye supamaketi kubwa ya njia panda. Mtaani aliitwa Mama Bosi, na jina hilo lilikuwa dhihaka, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetumwa kuliko yeye. Alifanya kazi siku sita, Jumapili ikiwemo, akapumzika Jumatano. Alimleta mtoto kabla jua halijachomoza vizuri na kumfuata saa moja na nusu jioni, bado kavaa fulana ya kazini yenye maandishi "Karibu, nikuhudumie". Alikuwa mdogo, hata miaka ishirini na sita hajafika, na kila mara alianza sentensi zake kwa samahani.

"Mwangalie sana miguu mwanao," Mama Hodi alimwambia jioni ile. "Kesho unapumzika, kaa naye sakafuni."

"Sawa, Mama Hodi. Asante kwa kuniambia."

Alhamisi asubuhi Mama Hodi alimngoja langoni, makofi yake yako tayari. Mama Bosi akamkabidhi mtoto, samahani nimechelewa, akaenda zake. Kimya.

Labda Jumatano inayokuja. Jumatano inayokuja ikapita. Ya tatu ikapita. Bosi sasa alikuwa anakata chumba kizima, mikono juu, tumbo mbele, akimfuata Redio kila pembe. Alijua hata kugeuka. Kila jioni alipelekwa langoni akiwa mikononi mwa Mama Hodi, na kila jioni mama yake alimdaka, akamzamisha shingoni mwake, akaondoka naye hivyo hivyo.

Mama Hodi akaanza kuvimba. Huyu mwanamke ana macho kweli? Mtoto anakaribia kukimbia, mama yake hata hajui! Alimwonya mara ya nne, ya tano, sauti yake ikizidi kukauka: "Nilikuambia umwangalie miguu. Umemwangalia?" Mama Bosi akainamisha uso. "Namwangalia, Mama Hodi." Unamwangalia na nini, Mama Hodi alisema moyoni, na kisogo?

"Mwambie tu, Mama," binti yake alisema siku moja wanaanika nepi.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba anatembea. Wiki ya sita sasa. Desturi yako ni nzuri, lakini hii imepitiliza."

"Nimharibie? Ndiyo furaha yake ile, ameiacha tu haichukui. Mtu hana dakika tano za kumweka mwanawe chini! Mimi nilikuwa natamani dakika tano hizo, sikuzipata hata kwa dawa."

"Si kila mtu ni wewe."

"Anika nepi."

Binti akaanika nepi.

Jumatano ya saba, saa nane mchana, watoto karibu wote wamelala, lango lilisukumwa taratibu na Mama Bosi akaingia. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Siku zake za mapumziko alikuwa akimleta mtoto asubuhi ili afue nguo, na kumfuata saa kumi. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, macho mekundu, mkoba mkubwa begani. Mama Hodi alimvutia kiti cha wazee, kile kifupi, naye akakaa magoti yakamfika kifuani.

"Samahani, Mama Hodi. Nimekuja kumchukua mapema. Tunatakiwa hospitali kubwa saa tisa."

"Anaumwa? Mbona asubuhi hukusema?"

"Haumwi. Ni miguu." Aliukumbatia mkoba wake. "Wewe ndiye uliyenishtua. Uliponiambia mara ya kwanza nimwangalie miguu, nilidhani ni maneno tu. Uliporudia, nikajua umeona kitu, unaogopa kuniambia. Wewe umelea watoto wengi, macho yako si kama yangu. Nikimweka chini, anakunja miguu, analia. Mama mkwe akasema ukoo wao hauna mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo ni ukoo wangu. Nikampeleka kwa daktari mmoja wa viungo. Akampa viatu."

Aliingiza mkono mkobani, akatoa viatu viwili vidogo vya ngozi ngumu, vimeunganishwa na kipande cha chuma.

"Anavivaa jioni, nusu saa. Tunamsimamisha ukutani. Analia, Mama Hodi, analia hadi anatapika. Wiki ya nne sasa. Baba yake anatoka nje asisikie. Sasa daktari anasema viatu havitoshi, apigwe picha ya nyonga, na pengine afungwe plasta ngumu, kuanzia kiunoni."

Mama Hodi aliviangalia viatu vile. Aligusa kile kipande cha chuma kwa kidole.

Redio hakuwa amelala. Redio hakuwahi kulala mchana. Alikuwa amekaa kwenye godoro lake, anakula ndizi, na alikuwa amesikia yote.

"Bosi anatembea," alisema. "Ila ni siri."

Binti wa Mama Hodi alitokeza jikoni, taulo mkononi, akasimama. Mama Bosi aligeuka kwenye kiti kile kifupi.

"Nani anatembea?"

"Bosi. Kila siku. Tunasema hatujaona."

Kama ungetaka kumjua Mama Hodi kwa ubaya wake, siku hiyo ungemjua. Angeweza kupiga magoti. Angeweza kusema nisamehe. Lakini mtu aliyezoea kuwa na hasira akibanwa hukimbilia kule kule alikozoea.

"Ndiyo, anatembea," alisema. "Nilikuwekea ujionee mwenyewe. Nimekupa nafasi mara sita! Ungemweka mwanao chini dakika tano tu, ungeona!"

Mama Bosi alisimama. Kiti kikaanguka. Wachanga wawili wakaamka na kuanza kulia, na hakuna aliyewaendea.

"Nimweke chini?" Sauti yake haikuwa ya samahani tena. "Namchukua hapa saa moja na nusu. Saa tatu na nusu amelala. Nina saa mbili, Mama Hodi, na ndani ya saa mbili hizo napika, naosha, nampa uji. Ananikumbatia shingo haachii. Nikimweka chini analia kwa sababu hataki chini, ananitaka mimi! Kwako kuna watoto wa kuwafuata, kwangu kuna mimi tu, na mimi akishanipata hana pa kwenda tena. Nimweke chini ili iwe nini?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Wiki saba unamwona mwanangu anatembea, na mimi namfunga chuma miguuni! Analia ananitazama, mimi namshika asianguke, namwambia vumilia baba, vumilia!" Alivitupa vile viatu. Viliteleza kwenye mkeka wa plastiki hadi kwenye kizuizi. "Ungesema neno moja. Moja!"

"Sikujua habari za daktari. Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, na wewe ndiye niliyedhani umeniambia?"

"Nilikuwa nakutunzia, mama. Ile hatua ya kwanza. Mimi yangu niliikosa, nilijua uchungu wake..."

"Hukunitunzia mimi. Ulijitunzia wewe. Ulikuwa nayo kila siku asubuhi, mimi ukaniachia niibahatishe Jumatano."

Mama Hodi alitaka kujibu. Alikuwa na majibu, miaka kumi na mmoja ya majibu, akina mama waliomshika mikono kwa furaha siku baada ya siku. Lakini aliikumbuka ile raha ya kwenye kisogo, ya kupiga makofi huku anajua, na akaona kwamba msichana huyu wa fulana ya karibu-nikuhudumie amemsoma mpaka ndani. Hilo lilimkasirisha kuliko yote.

Bosi aliamka kwa zogo lile. Alimwona mama yake, akanyoosha mikono yote miwili. Mama Bosi alimchukua, akamfuta jasho la usingizi shingoni, kisha akainama akamsimamisha mkekani. Bosi alikunja miguu, akaninginia kama nguo kwenye kamba, akalia.

"Haya, mwonyeshe mama," alimbembeleza. "Mwonyeshe, baba." Bosi akazidi kulia na kumng'ang'ania mkono.

Binti wa Mama Hodi alitazama hali ile, akamgusa Redio begani. "Pita na mpira," alimwambia kwa sauti ya chini. Redio akaweka ndizi yake chini kwa heshima zote, akachukua mpira wa kitambaa, akapita nao mbele ya Bosi akielekea dirishani, hamtazami. Bosi alinyamaza. Akaufuata mpira kwa macho. Kisha akauachia mkono wa mama yake, akamfuata Redio, hatua kumi, kumi na tano, tumbo mbele, akazunguka kona ya kizuizi, akavipita kando vile viatu vya chuma kama mtu anayekwepa dimbwi, akafika.

Mama Bosi hakupiga makofi. Hakupiga kelele. Alisimama pale na nguo yake ya kutokea, mikono imelegea, akatazama, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesomewa barua ambayo watu wote wameshaisoma. Alipomaliza kutazama alimfuata mtoto dirishani, akambeba, akachukua mkoba wake.

"Hamtamwona tena hapa," alisema.

"Viatu vyako," Redio alimkumbusha.

Lango la bati, ambalo kwa miaka kumi na mmoja lilisukumwa taratibu, lilibamizwa hivi kwamba wachanga wote watano, pamoja na wale waliokuwa usingizini bado, waliangua kilio kwa pamoja. Watano! Mama Hodi alikuwa amehesabu kwa mazoea. Walikuwa wanne.

Siku mbili zilizofuata hakuna aliyemsogelea Mama Hodi. Aligombana na muuza mkaa, akagombana na fundi bomba, akamwambia baba fundi wa kuchomelea kwamba akileta tena chupa chafu atamnywesha yeye mwenyewe. Alimkasirikia yule daktari wa viungo asiyejua hata kuuliza mtoto anashindaje mchana. Alimkasirikia mama mkwe na ukoo wake wenye miguu mizuri. Alimkasirikia mwenye supamaketi anayemweka mtu mzima kwenye kiti cha keshia saa kumi na moja kwa siku, halafu anamvalisha maneno ya kukaribisha kifuani. Alipomaliza kuwakasirikia wote, aliinama kusuuza poti, na hapo kwenye beseni hapakuwa na wa kumkasirikia tena isipokuwa aliyeshika poti. Alilia, akajipenga kwa kanga, akaendelea kusuuza.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lango lilisukumwa. Mama Bosi alikuwa kavaa fulana yake ya kazini. Mtoto alikuwa chini, anatembea, ameshikwa kidole.

Hakusema shikamoo.

"Nimetafuta kila mahali," alisema. "Kuna kituo wana watoto ishirini na dada mmoja. Kuna kingine wamewafunga kwenye viti. Nimekosa kazi siku mbili, ya tatu nafukuzwa. Kwa hiyo nimerudi, lakini usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe."

"Sawa."

"Kila jioni utanieleza. Kila kitu. Sitaki cha kutunziwa. Kama kitanichoma, niache nichomeke mwenyewe."

"Sawa," alisema Mama Hodi, naye akainama kumpokea Bosi. Mama Bosi aligeuka akaenda zake haraka haraka, bila kuangalia nyuma, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika hadi kwenye visigino.

Siku yenyewe ingekuwa na huruma, isingeleta kitu. Lakini saa nne kasorobo, katikati ya mchanganyiko, wazee walikuwa wakimwita Mama Hodi kila upande kama kawaida yao, Mama Hodi nifunge kamba, Mama Hodi huyu kaninyang'anya, na Bosi, ambaye hadi siku hiyo alikuwa na neno moja tu, "toa", alikuja akashika sketi yake kwa mikono miwili. Aliinua uso.

"Mama," alisema.

Chumba hakikunyamaza, wazee waliendelea na kelele zao. Lakini binti alikuwa karibu, na alisikia. Bosi alirudia, wazi kabisa, akivuta sketi. "Mama."

"Ameiga tu wenzake," binti alisema. "Wanakuita siku nzima."

"Najua."

"Kwa hiyo hilo si lazima. Mama, hilo unaweza kuliacha. Kesho kutwa atalisema nyumbani, mama yake hata hatajua."

Mama Hodi alimtazama binti yake kwa macho makali, yale ambayo tangu utotoni yalimfanya anyamaze. Kutwa nzima alikoroga uji kama anaupiga. Alifunga nepi kama anafunga mizigo. Saa moja na nusu alikuwa langoni, Bosi amesimama kando yake, na Mama Bosi akafika, harufu ya sabuni za dukani mwilini mwake, akamdaka mwanawe.

"Haya," alisema. "Nieleze."

"Kala uji wote. Ndizi nusu. Kanya mara mbili, vizuri. Kalala saa saba hadi saa nane na robo. Kaanguka mara tatu, hapa kwenye paji kuna kidonda kidogo, nimekiosha. Kamng'ata mwenzake mkono, na mwenzake kamng'ata yeye, sikio, wameshapatana." Mama Hodi alivuta pumzi. Alisikia meno yake yanasagana. "Na leo kasema."

"Kasema nini?"

"Kasema 'mama'."

Uso wa Mama Bosi ulifunguka wote kwa mpigo, kabla hajaweza kuuzuia, na kwa nukta moja hakukuwa na hasira wala wiki saba. Alimgeuza mtoto amtazame. "Umesema mama? Eh? Umeniita?" Kisha akasimama hapo hapo, kwa sababu alikuwa kazini saa hizo, na alijua alikuwa kazini. Aliinua macho polepole.

"Alimwambia nani?"

Nyuma yake, mlangoni, Mama Hodi alimsikia binti yake anaguna, kaguno kadogo tu.

"Mimi," alisema. "Alikuja akanishika sketi, akanitazama usoni, akasema. Mara mbili."

Mama Bosi hakulia. Alikaa kitako kwenye kizingiti cha lango, na fulana yake na mkoba wake, kana kwamba miguu yake ndiyo yenye ugonjwa, akampakata Bosi, akamshikilia. Watu walipita kichochoroni na mifuko yao ya jioni. Mama Hodi alisubiri kutukanwa, na aliona ni haki yake, hata alisogea karibu ili tusi lisipate taabu ya kumfikia.

"Saa ngapi?" Mama Bosi aliuliza.

"Saa nne kasorobo."

"Saa nne kasorobo nilikuwa na foleni ya watu tisa." Alijifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kwa hasira. "Endelea. Alipokwisha kusema, alifanya nini?"